Baiti 134

"Dada, ulizifungua lakini?"

Maneno matatu tu. Yalisemwa Jumatatu saa nne kasoro asubuhi, na leo Jumapili bado nayasikia nikiosha vyombo. Nimeshayajibu mara kumi na kitu. Juzi bafuni nilikuwa na jibu kali sana, sabuni ikaniingia machoni nikalisahau.

Aliyeuliza ni kijana wetu wa fildi, yule niliyewaambia anatafuna mihogo mibichi na kuacha maganda juu ya printa. Tulikuwa kikaoni. Bosi akauliza kama picha za droni za bonde la Msimbazi, hapa Dar, zimepatikana, nami nikajibu kwa sauti ya mtu aliyelala kwa haki: "Zipo zote 212, nimemaliza kupakua tangu Ijumaa." Bosi akatia tiki kwenye daftari lake. Hapo kijana, bila hata kuinua kichwa, akaniuliza hivyo. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nikianza kufungua moja moja si nitakesha?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kumbukeni kwamba nilicheka.

Kikao kilipoisha alikuja mezani kwangu, akaomba samahani, akabofya picha ya kwanza. Haikufunguka. Akaibofya kwa programu ya kuandikia maandishi, ikafunguka mara moja. Ndani mlikuwa na mistari mitatu: mmoja wa toleo, mmoja wenye tarakimu na herufi 64 zisizosomeka, na wa mwisho ukitaja ukubwa wa picha halisi, ambayo haikuwepo. Faili zima lilikuwa na baiti 134. Akafungua la pili, baiti 134. La tatu sikumruhusu.

Piga hesabu. Mafaili 212 mara 134 hayafiki hata kilobaiti 30. Picha ya mtoto wa dada yangu anayepiga chafya, ile mliyoiona, ni kubwa kuliko bonde zima la Msimbazi nililokuwa nalo. Picha zenyewe ni gigabaiti 39.

Kinachoniuma ni kwamba niliteseka. Ningekuwa nimezembea ningekubali. Ile Ijumaa nilianza kukloni ripo (yaani kunakili ghala zima la mafaili ya mradi kwa programu ya Git) saa tatu asubuhi, ikafika asilimia 61, mtandao ukakatika. Na Git ikikatikiwa katikati ya kukloni haina habari ya "tuendelee tulipoishia". Inafuta kila ilichokusanya na kukuachia ujumbe mkavu, kisha unaanza sifuri. Mara ya pili ikafika 88. Nilikuwa nimesimama. Kuna mtu husimama akitazama asilimia? Nilisimama, ikakatika. Mara ya tatu nikajiunga bando kwa hela yangu, nikaweka simu dirishani upande wa mnara, na saa tano usiku ikamaliza. Nikafungua folda, nikaona majina yote yamejipanga, kila moja na mkia wake wa .tif, nikalala. Folda nzima ilikuwa gigabaiti mbili kasoro. Nilijiambia zimebanwa.

Kumbe sikupakua picha hata moja. Hizo gigabaiti zilikuwa historia ya ripo, yaani matoleo yote ya zamani. Kijana aliichimba (hakutumwa na mtu) akagundua kwamba miaka ya nyuma mwenzetu mmoja, ambaye ameshahama, aliweka humo video ya semina. Baadaye akaifuta, lakini Git haisahau: faili likishaingia kwenye komiti (rekodi ya mabadiliko yaliyohifadhiwa), hata ukilifuta kesho, kila atakayekloni baada yako atalibeba. Nimeitazama video. Sehemu kubwa ni watu wanakula biriani. Yaani asilimia 61, asilimia 88 na bando langu, vyote nilikuwa napakua biriani ya watu.

"Ungeweka depth 1, dada, ungechukua hali ya leo tu bila historia," akasema. Hilo halikuniuma, ni elimu. Kama alivyonieleza kwamba hii Git ilitungwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya msimbo wa Linux, ule mfumo wa kompyuta, yaani maandishi, na mapicha mazito tumeyaingiza sisi. Git LFS ilikuja 2015 kubeba mizigo: picha yenyewe inakaa pembeni kwenye seva, kwenye ripo inabaki ile karatasi ya mistari mitatu, kama namba unayopewa ukiacha mzigo stendi. Laptopu yangu iliformatiwa mwezi uliopita na LFS haikurudishwa. Git haikulalamika. Ilinipa namba 212 nami nikaenda zangu nyumbani nikidhani nimebeba magunia.

Nasema tena, hayo yote nimeyameza. Kilichokwama ni "lakini". Angeuliza "Dada, ulizifungua?" ningesema anauliza. Hiyo lakini ya mwisho ndiyo iliyonikaa kooni. Ulizifungua, lakini? Lakini nini? Kwamba ananijua? Kwamba wadada wa ofisini ndivyo tulivyo, tunahesabu majina na kutangaza ushindi? Nimemwigiza mdogo wangu wa nyumbani sauti ya yule kijana mara tatu ili aniambie kama ilikuwa na dharau, naye akanikumbusha kwamba Jumamosi barua yake ya posa ilipokelewa na tangu hapo sijamuuliza hata mahari wamefikia wapi.

Jumanne jioni tuliweka LFS, nikaandika git lfs pull, amri ya kuvuta picha zenyewe, tukaiacha kompyuta ya ofisi ikivuta. Usiku umeme ukakatika mtaa mzima. Jumatano nimefika saa moja na nusu na tumbo linaniuma, najua kabisa ni sifuri tena. Nikaiamuru upya. Ikavuta zilizobaki tu! Picha 147 zilikuwa zimeshakaa salama, zilikosekana 65. Kumbe LFS huchukua kila faili peke yake, na lililokamilika halirudiwi. Sijui niwaelezeje furaha ile. Nilimpigia mama, akasema "hongera mwanangu" bila kuuliza ya nini.

Na picha ya kwanza niliyofungua, kwa sababu nilikuwa nimeapa kuzifungua zote moja baada ya nyingine mbele ya macho ya yule kijana, ikawa Kigogo. Ilipigwa kabla watu hawajalipwa fidia na nyumba kubomolewa. Nikakuza, nikafuata mto, nikakuza tena. Bati la bluu, kipande cha kutu kona ya jikoni, matairi mawili juu yake kuzuia upepo. Nyumba ya bibi. Hata kamba ya kuanikia inaonekana, na kitu chekundu kimeanikwa. Kwa yule bibi yetu asiyeanika nguo nyekundu nje, sijui kilikuwa cha nani. Nilikaa pale mpaka skrini ikazima yenyewe.

Saa tisa bosi alipita kuniambia mkataba wangu umeongezwa miaka miwili. Nikashukuru, nikaendelea na picha ya 40.

Jioni wenzetu wa Ifakara wakaomba nao wapewe ripo yote na historia yake. Kijana akasema, "Tuwatumie bando." Nikamuuliza la jero au la buku. Ni git bundle, akasema: unaifunga ripo iwe faili moja, wanalipakua kwa programu inayojua kuendelea ilipoishia, kisha wanakloni kutoka kwenye faili hilo hilo. Tumecheka mpaka mlinzi akachungulia. Ila bando hilo halibebi picha za LFS, kwa hiyo gigabaiti 39 zimetiwa kwenye diski, diski ikavikwa soksi, na Alhamisi ikapanda basi Stendi ya Magufuli kama abiria mwingine.

Tukiwa tunafunga milango akaniangalia, akasema: "Dada, umekula lakini?"

Nikasimama na funguo mkononi. Ijumaa nikamsikia anamuuliza mlinzi, "Mzee, ulilala lakini?" Na mama wa chai, "Mtoto amepona lakini?" Basi ndivyo anavyoongea. Wiki nzima nimejibizana na kiungo cha sentensi. Lakini (ona sasa, na mimi) swali lilikuwa lile lile, na jibu lilikuwa hapana, sikuzifungua. Sasa sina hata wa kumnunia.

Maganda ya mihogo bado anaacha, hilo nitalishughulikia.

Mama amebadilishiwa dawa za presha tangu Alhamisi. Leo mchana ameniita jina la mdogo wangu mara mbili. Kutuchanganya ni kawaida yake, ila siku zote hujirekebisha na kucheka mwenyewe. Leo hakujirekebisha.