Siku moja maishani mwangu: fundi cherehani mwenye kisukari, Moshi

Saa 11:15 alfajiri, kabla sijanywa chochote, naketi ukingoni mwa kitanda, nanawa mikono kwenye beseni na kuchoma ubavu wa kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Sichomi katikati ya ncha, na vile vidole viwili vinavyoshika sindano ya kushonea sivigusi kabisa. Leo kipimo cha sukari ya damu kimeonyesha 8.2, yaani milimoli kwa lita. Lengo nililopewa kliniki ni kati ya 4 na 7 kabla ya kula, kwa hiyo nimezidi, ingawa nililala na 7.6 na usiku kucha sikutia kitu mdomoni. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikijilaumu kwa asubuhi za namna hii, mpaka muuguzi mmoja aliponieleza kwamba ini huweka akiba ya sukari na huiachilia kwenye damu kuelekea alfajiri ili kuuandaa mwili kuamka. Insulini, homoni inayoshusha sukari, ikitosha huizuia isizidi, na mwili wangu hauna ya kutosha. Naiandika namba hiyo katika kurasa za nyuma za daftari lile lile ninaloandikia mabega na viuno vya wateja.

Saa 12:30 najichoma insulini. Yangu ni ya mchanganyiko, yaani ndani ya kichupa kimoja mna sehemu inayofanya kazi haraka kwa ajili ya kifungua kinywa, na sehemu kubwa zaidi inayofanya kazi polepole, ambayo nguvu yake hukolea kuelekea mchana. Kichupa hakitikiswi, hubingirishwa taratibu kati ya viganja mpaka dawa yote iwe nyeupe sawasawa kama maziwa. Nyumbani kwetu Majengo hatuna friji, na joto la Moshi mwezi wa Desemba haliihurumii dawa hii, kwa hiyo kichupa kinachotumika hukaa ndani ya chungu kidogo kilichozungushiwa mchanga uliolowanishwa, penye kivuli. Kile cha akiba ananihifadhia jirani katika friji yake, mbali na sehemu inayogandisha, kwa sababu insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Nusu saa baadaye nakula yai la kuchemsha na kipande cha kiazi kitamu kwa chai ya tangawizi isiyo na sukari, kisha nameza kidonge cha metformini, dawa nyingine ya kushusha sukari, ambacho kikitangulia chakula hunichafua tumbo.

Kutoka nyumbani hadi barazani ninaposhonea, jirani na Soko la Kati, ni mwendo wa dakika 25 kwa mguu. Ni katika baraza hili nilipougua pasipo kujua. Mwaka 2016 nilianza kushindwa kutunga uzi kwenye tundu la sindano. Wiki moja naona vizuri, wiki inayofuata naona ukungu, nami nikanunua miwani sokoni mara mbili nikidhani ni umri. Kumbe sukari ikipanda sana, lenzi ya jicho nayo huvuta maji na kuvimba, na uoni hubadilika kila sukari inapobadilika. Kiu na safari za chooni usiku nilivisingizia joto. Siku nilipopimwa nilikutwa na 19, ilhali mtu mwenye dalili kama zangu huhesabiwa kuwa na kisukari akifikia 11.1 tu, awe amekula au hajala. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba wakati huo nyayo zangu zilikuwa zimekwisha kuanza kufa ganzi.

Ganzi hiyo ndiyo inayoongoza kazi yangu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na sakafu ya fundi haikosi pini na vipande vya sindano zilizovunjika. Mwaka mmoja nilishinda kutwa nzima na ncha ya sindano ndani ya unyayo, nikaja kuona damu kwenye soksi jioni, na kidonda kile kilichukua wiki saba kufunga. Tangu hapo sivui viatu vya kufunika barazani hata jua liwake vipi, na kabla ya kuvivaa naingiza mkono ndani kupapasa, kwa kuwa mkono wangu bado unahisi kile ambacho mguu hauhisi. Binti ninayemfundisha kazi hupitisha sakafuni sumaku kubwa tuliyoitoa kwenye spika mbovu, mara tatu kwa siku. Leo saa 3:00 peke yake ilitoka na pini tisa.

Wiki hii ni ya sare za kwaya. Krismasi inakaribia, watu wanarudi nyumbani Kilimanjaro kutoka kila pembe ya nchi, na kila kanisa linataka nguo mpya. Chakula changu cha mchana ni saa 6:30. Saa 6:20 waliingia kina mama sita wa kwaya kuja kujaribisha. Kiongozi wao akasema, “Fundi, dakika kumi tu, tunawahi mazoezi.” Nilikubali, na hilo ni kosa langu, si lao, maana hawakujua kwamba insulini niliyojichoma asubuhi ilikuwa ndiyo kwanza inakolea, na kwamba dawa ikishaingia mwilini hairudishwi wala haisubiri mteja aondoke. Saa 7:25 nilikuwa nimepiga magoti nikipima upindo wa gauni la nne, nikaona pini zinanitetemeka mkononi. Moyo ulikuwa unakwenda mbio. Binti akaniangalia, akasema, “Mama, jasho hilo si la joto.”

Kipimo kilisoma 3.3. Mama mmoja, kwa wema kabisa, alinitolea chapati kwenye mkoba wake. Nilimshukuru nikamwomba aiweke kwanza, kwa sababu mafuta hupunguza kasi ya chakula kuingia kwenye damu, na mtu aliyeshuka chini ya 4 anahitaji sukari yenyewe, upesi. Binti alikuwa amekwisha kukoroga vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji. Nilikunywa, nikaketi dakika 15 bila kugusa mkasi, nikapima tena: 5.2. Ndipo nikala chakula changu chote, ugali wa dona usiozidi ngumi yangu, maharage, na mnafu uliojaza nusu ya sahani. Nimemfundisha binti pia kwamba akinikuta sijitambui asinimiminie kitu mdomoni, bali anilaze ubavu na kuita msaada, na ninaamini kila mwenye sindano hizi anapaswa kuwa na mtu mmoja kazini anayejua hayo. Kabla ya kurudi mezani nimeandika kwenye kadibodi: “Saa 6:30 hadi 7:00 fundi anakula.” Imeshatundikwa.

Alasiri ilikuwa ya kushona tu, isipokuwa kila nusu saa nilisimama na kuzunguka baraza. Saa 10:00 mteja mmoja, baada ya kusikia yaliyonipata, alininong’oneza kwamba mumewe ameacha sindano na anatumia majani ya kuchemsha. Nilimwambia, “Dada yangu, usigombane naye leo. Mpeleke apimwe, namba imwambie yeye mwenyewe.” Ameahidi kumleta kliniki Jumatano, nami nitakuwapo.

Saa 1:00 usiku nimejichoma dozi ndogo ya jioni, na nusu saa baadaye nimekula ndizi za kupika mbichi na mchicha, vipande vinne vya ndizi, kwa sababu zikianza kuiva sukari yake huwa imeongezeka. Mbege, pombe ya ndizi, aliyoleta shemeji nimewaachia wengine.

Saa 3:00 naosha miguu kwa maji ya vuguvugu niliyoyajaribu kwanza kwa kiwiko, naikausha hadi kati ya vidole, kisha naweka kioo sakafuni na kuangalia nyayo kwa tochi ya simu. Leo kando ya kidole kidogo cha mguu wa kulia pana lengelenge jekundu lenye ukubwa wa punje ya dengu, ambalo kiatu kimelifanya nami sikulihisi. Sijalitoboa, nimelifunika kwa kitambaa safi. Kesho saa 2:00 nitapita kliniki kulionyesha kabla ya kufungua kazi, na nimeshawapigia simu watu wa kwaya kwamba magauni mawili yaliyobaki yatakuwa tayari jioni.