Siku yangu moja kati ya mapengo ya watu

Saa 1:30 asubuhi niko kazini. Koleo zimetoka kwenye mashine ya mvuke, nazipanga kwa namna ninayoijua mwenyewe, na atakayezihamisha tutagombana.

Mimi ni daktari wa kupanga meno. Wengi hudhani kazi yangu ni kukaza nyaya. "Nimekuja kukazwa," ndivyo wanavyosema mlangoni. Siku nyingi sikazi chochote. Naziba mapengo kwa kuyasogeza meno yaliyobaki, na hapo mwenye kauli ni mfupa. Mimi naomba tu.

Saa 2:00 anaingia binti wa miaka 14. Hakujaliwa yale meno mawili madogo ya juu yanayopakana na meno makubwa ya mbele, kwa hiyo tunazileta chonge zikae pale. Mama yake anauliza tena kwa nini tusipandikize meno bandia yakaisha. Namweleza tena kwamba taya la mtoto bado linakua: meno jirani yatashuka, la kupandikizwa litabaki pale pale, na baada ya miaka michache litaonekana limepanda juu. Chonge nitaisaga ncha, niiongezee kijazio, ifanane na jino lililokosekana. Ni ya manjano kidogo kuliko wenzake, hilo sikumficha.

Saa 3 hadi saa 5: wagonjwa saba, vibandiko viwili vya kushikia waya kwenye jino vilivyong'oka, na kijana mmoja anayeapa kwamba raba zake za kuvuta meno huvaa kila siku, wakati pakiti ni ile ile niliyompa na haijafunguliwa.

Saa 5:10 anaingia bwana wa vijiti. Miadi yake ilikuwa saa 4:00, na ile miwili ya kabla hakuja kabisa. Aling'olewa gego la chini miaka mingi iliyopita, na sasa tunalileta mbele gego la nyuma yake lizibe pengo. Hata kiti hakijalala vizuri, ameshatoa bahasha mfukoni.

"Daktari, mimi leo nimekuja na ushahidi."

Ndani ya bahasha mna vijiti vya kuchokonolea meno. Kila mwezi hukivunja kimoja kwa upana wa pengo lake, akaandika tarehe kwa peni. Anavipanga juu ya trei yangu, trei niliyoisafisha, kimoja baada ya kingine. Vinne vya kwanza vinapungua vizuri. Vitatu vya mwisho vinalingana kama vidole vya sanamu.

"Hapa umenisimamisha," anasema.

Nilikuwa na majibu, na yote ni ya kweli. Jino halivutwi kama mbuzi kwa kamba. Upande linakoelekea seli zinakula mfupa, upande linakotoka nyingine zinajenga. Likienda milimita 1 kwa mwezi tushukuru, na kwenye pengo la zamani mfupa umekonda, mwendo ni wa pole zaidi. Ukizidisha nguvu unabana mishipa ya damu, jino linagoma, na mzizi unaweza kuanza kulika. Isitoshe, ukiwa ndani ya mtumbwi ukavuta mtumbwi mwingine, mnakutana katikati. Ndiyo maana nilimwekea skrubu ndogo kwenye mfupa, iwe gati, gego lije lenyewe bila kuyarudisha nyuma meno ya mbele.

Nikamsomea yote hayo, na la miadi aliyoikosa nikalisema mara mbili. Akanyamaza. Kisha akasema taratibu, "Sawa daktari. Lakini nilikwambia nilitafuna kitu kigumu, waya ukalia."

Nikafungua faili. Limeandikwa, kwa mwandiko wangu. Nikachukua kioo, nikavuta shavu, nikamulika. Springi ya kulisogeza gego nzima, skrubu imara. Waya sasa: mbele tu ya kile kibomba kilichobandikwa kwenye gego, waya unamopita, umepinda, mpindo mdogo kama wa kucha. Gego lilikuwa linasukumwa kwenye reli yenye kigingi. Angekuja kwenye miadi yake ningeuona mapema. Lakini siku ile aliponiambia nilipaswa kuuona, na sikuuona.

"Kaka, una haki," nikasema. Msaidizi wangu akageukia sinki ghafla, nadhani alikuwa anacheka.

Kuutoa waya ule na kuukunja mwingine ni dakika 40, na watu wamejaa nje. Pima, kata, jaribu, toa, lainisha ncha isimchome. Mgongo ukaanza kudai haki yake pale pale.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Alikuja mama mmoja ambaye mwaka jana tulimaliza kuziba pengo lake la mbele. Kishikizi, kile kifaa cha kuyazuia meno yasirudi yalikotoka, akakiacha kwenye droo, na pengo limeanza kufunguka, ufa wa karatasi hivi. Alikuja mtoto aliyeogopa mpaka akaniuma kidole. Mwingine alikuja kuuliza tu bei, akaondoka. Chakula nilikula nimesimama.

Giza limeingia, msaidizi anafuta trei. Anaokota kijiti kimoja kilichobaki pembeni, chenye tarehe ya leo, anakipeleka kwenye pipa.

"Hicho niachie," namwambia.

Nakiweka kwenye kipimo. Milimita 6. Naandika kwenye faili, nakigundisha kijiti pembeni ya namba, nazima taa ya kiti.