Kompyuta ya gemu ya kujiundia Mombasa: hesabu ya vipuri, stima na joto

Video nyingi za kufundisha kuunda kompyuta ya gemu hurekodiwa kwenye vyumba vya baridi, na stima yao haipepesi. Orodha zao za vipuri si mbaya. Lakini mtu akizinakili akiwa Kisauni au Likoni, kuna matumizi matatu hatayakuta humo: kulinda stima, kutoa joto na kukinga chumvi. Matumizi hayo yasipoandikwa tangu mwanzo, pesa zote huliwa na kadi ya michoro, na kadi hiyo ikaishia kulishwa na pawa saplai ya bei ya chini kuliko zote dukani.

Anza na skrini, si na kadi. Ikiwa utachezea televisheni ya sebuleni, nyingi huonyesha picha 60 kwa sekunde, basi kadi inayotoa fremu 140 ni pesa ya bure. Ukiwa na monita ya 1080p (Full HD) ya Hz 144, yaani picha 144 kwa sekunde, kadi ya kiwango cha RX 6600 au RTX 3060 inatosha kwa EA FC, GTA V, Valorant na gemu nyingi nyingine bila kuhangaika. Monita ya 1440p, yenye nukta nyingi zaidi, inataka kadi ya ngazi ya juu zaidi, na hapo bajeti nzima inabadilika. Chagua skrini, itakuchagulia kadi. Kadi ikuchagulie pawa saplai na kasha. Wanaoanza na prosesa hujikuta na ubongo wa maana na macho hafifu.

Tuchukue Sh120,000, bila skrini, kibodi wala kipanya. Tarakimu zifuatazo si bei za duka lolote. Ni dari: kipuri kikivuka dari yake, lazima kingine kishuke.

Kadi ya michoro ya 8GB, kiwango cha RX 6600: 38,000
Prosesa, Ryzen 5 5600: 18,000
Mazabodi (bodi kuu inayounganisha vipuri) ya B550: 13,000
RAM 16GB DDR4, vipande viwili vya 8GB: 14,000
SSD (diski ya kuhifadhia) ya NVMe, 500GB, au 1TB bei ikiruhusu: 8,000
Pawa saplai ya wati 550: 9,000
Kasha lenye uso wa wavu: 6,000
UPS (betri ya akiba stima ikikatika) ya 1000VA: 9,000
Usafiri, kebo na dharura: 5,000

RAM ndiyo ya kuulizia kwanza. Bei zake zilipanda vikali kuanzia mwishoni mwa 2025, kwa kuwa viwanda vya chipu vinapeleka kumbukumbu kwenye seva za akili mnemba, kwa hiyo orodha yoyote ya kabla ya hapo itakudanganya. Hii pia ni sababu ya kubaki na DDR4, kizazi cha RAM kilichotangulia DDR5. Jukwaa la AM5, yaani soketi ya prosesa mpya za Ryzen, ni jipya zaidi na lina mustakabali, lakini linakubali DDR5 pekee, na mazabodi zake hazina huruma kwa mfuko wa mara ya kwanza. Ukipenda Intel, Core i5-12400F ni mwenzake Ryzen 5 5600: zote mbili zina kori sita na nyuzi za kazi (threads) kumi na mbili. Hakikisha tu mazabodi ni ya soketi ya LGA1700 na imeandikwa DDR4, maana jukwaa hilo lina mazabodi za aina zote mbili na sloti hazibadilishani.

Pesa zikija kidogokidogo, usinunue prosesa Januari na kadi ya michoro Agosti. Kipuri kibovu hakijulikani mpaka mashine iwake, na siku hiyo waranti ya dukani inaweza kuwa imeshapita. Weka pesa mpaka zitimie, kisha nunua vyote ndani ya wiki moja au mbili. Asiyeweza kungoja achukue Ryzen 5 5600G, ambayo ina michoro ndani yake. Atacheza gemu nyepesi kwa miezi, kisha aongeze kadi. Gharama ya njia hiyo ni kwamba 5600G ina kashe ya L3 (kumbukumbu ya ndani ya prosesa) ya 16MB badala ya 32MB, na inaishia PCIe 3.0, njia ya zamani ya kuwasiliana na kadi, kwa hiyo ukishaweka kadi itakuwa nyuma kidogo ya 5600 ya kawaida.

Sasa pawa saplai, mahali ambapo watu wengi hubana senti na ndipo hasara huanzia. Fanya hesabu: Ryzen 5 5600 haivuti zaidi ya wati 76 kwa mipangilio ya kiwandani, RX 6600 ni wati 132, na feni, diski, RAM na mazabodi zipewe 50. Hiyo ni kama 260. Wati 550 za kweli zinakuachia nafasi ya miruko ya ghafla na ya kadi kubwa baadaye. Neno lenyewe ni "za kweli". Geuza boksi usome lebo ya pembeni, mstari wa 12V. Pawa saplai ya 550 iliyo sawa itaandika karibu ampea 45 kwenye mstari huo. 12 mara 45 ni wati 540. Ukiona "500W" kwa herufi kubwa na kwenye 12V pana ampea 20, hiyo ni pawa saplai ya wati 240 iliyovaa kanzu ya mtu mkubwa. Alama ya 80 Plus nayo inapima ni umeme kiasi gani unaopotea kama joto, haisemi kama ndani kuna kinga za hitilafu. Na zile za bei ya chini zenye kiswichi chekundu nyuma cha 115/230: kikiwa kwenye 115 ukachomeka kwenye ukuta wetu wa volti 240, utasikia mlio mmoja tu.

Kuna jambo la waya wa ardhi ambalo mafundi wengi hulipuuza. Ukigusa kasha miguu mitupu ukahisi kama unatekenywa, si jini. Pawa saplai ina kapasita za kichujio zinazovujisha mkondo mdogo sana kwenye bati, na njia ya mkondo huo kutoka ni pini ya tatu ya plagi. Nyumba isipokuwa na ardhi, bati lote hubaki na karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wenyewe ni mdogo, lakini kuchomeka HDMI au kebo ya mtandao katika hali hiyo kunaweza kuua poti. Ita fundi wa stima apime soketi kabla hujanunua chochote, na usitumie adapta ya pini mbili wala ekstensheni iliyokatwa waya wa tatu.

UPS husomwa vibaya kwa sababu VA si wati. Nyingi za 650VA hazifiki hata wati 400, na mashine hii pamoja na monita itavuta karibu 300 ukicheza. Itabeba, lakini kwa shida na kwa dakika chache. Ya 1000VA hutoa takriban 600. Kazi yake ni kukupa muda wa kuhifadhi na kuzima, na kumeza mshtuko stima inaporudi. Haikuwekwa ili umalizie mechi. Baadhi ya UPS hutoa wimbi la umeme lenye pembe, na kuna pawa saplai ambazo huzima palepale zinapokutana nalo. Jaribio ni rahisi: gemu likiwa linaendelea, chomoa UPS ukutani. Mashine ikizima, rudisha UPS mapema, waranti ikiwa bado hai. Kuhusu tokeni, mashine ya wati 300 humaliza uniti moja kwa saa tatu na dakika ishirini. Zidisha mwenyewe na bei ya uniti iliyo kwenye ujumbe wako wa mwisho.

Joto la chumba huongezeka moja kwa moja kwenye chipu. Kadi inayofika nyuzi 70 kwenye chumba cha 22 itakaribia 80 kwenye chumba cha 32, feni zikizunguka kwa kasi ileile. Ndiyo maana kasha la kioo mbele, hata liwe na taa za rangi saba, halitufai. Tafuta uso wa wavu, feni mbili za kuingiza hewa mbele na moja ya kutoa nyuma. Zinazoingiza zikizidi zinazotoa, hewa hupita kwenye vichujio na vumbi haliingii kwenye kila ufa. Feni ndogo ya Wraith Stealth inayokuja ndani ya boksi la Ryzen 5 5600 inatosha. Kikomo cha prosesa hiyo ni nyuzi 90, na gemu kwa kawaida halifiki huko. Kupoza kwa maji hapa ni mapambo.

Chumvi inafanya kazi polepole. Nyumba inayotazama bahari, ya Nyali au Shelly Beach, usiweke kasha karibu na dirisha linaloachwa wazi usiku. Ukungu wa chumvi hushika skrubu kwanza, kisha pini za RAM na poti za USB. Sloti usizotumia ziache na vifuniko vyake. Chumba chenye AC kina tatizo lake: ukiitoa mashine ikiwa baridi ukaiweka kwenye hewa ya nje yenye unyevu, maji hutuama juu ya bati kama kwenye chupa ya soda. Iache izimike na ipate joto la chumba kipya kwa saa mbili au tatu kabla ya kuwasha.

Wapi pa kununua? Maduka ya Digo Road na Moi Avenue yamejaa simu, laptopu na kompyuta za ofisi za ex-UK. Ukitaka mazabodi ya B550 au kadi mpya ya michoro, mara nyingi muuzaji mwenyewe ataagiza Nairobi, na wewe unaweza kuagiza vilevile. Vipuri vije kwenye maboksi yao. Ukiagiza mashine iliyokwisha kuundwa, sema wazi kadi ya michoro ichomolewe na isafiri peke yake; ikining'inia kwenye sloti ndani ya buti la basi usiku kucha, inafika imevunja sloti. Mtu akikuletea kutoka Dubai, plagi na volti zinafanana na zetu, ila waranti kwa kawaida hubaki kule. Ukiagiza ng'ambo kwa posta au wakala, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za forodha huhesabiwa juu ya bei pamoja na usafiri na bima, si bei ya mtandaoni peke yake.

Kadi iliyotumika inaokoa pesa nyingi, kwa masharti. Baada ya Ethereum kuacha uchimbaji Septemba 2022, kadi nyingi za wachimbaji ziliingia sokoni. Uchimbaji wenyewe si dhambi. Feni zilizochakaa na pedi za joto zilizokauka ndizo tatizo. Kuna pia ghushi: kadi ya zamani iliyoandikwa upya ijiite GTX 1050 Ti au 1660. Fungua programu ya GPU-Z; ikiikamata, huandika neno FAKE mbele ya jina. Kisha endesha FurMark, programu ya kuichosha kadi, dakika kumi na tano ukitazama joto na kusikiliza feni. Angalia kutu kwenye bati la nyuma. M-Pesa itumwe baada ya hapo, na muuzaji anayekataa jaribio amekwisha kukujibu.

Kuna wanaouliza kama OptiPlex, kompyuta ya ofisini ya Dell, inaweza kugeuzwa mashine ya gemu. Ile nyembamba inakubali kadi fupi tu, isiyohitaji kebo ya umeme, kama GTX 1650 ya wati 75, na pawa saplai yake ni ya umbo la pekee. Kwa EA FC na gemu za zamani, sawa. Ila usiite hatua ya kwanza ya kuunda, kwa sababu karibu hakuna utakachohamisha baadaye.

Siku ya kufunga, makosa ni yaleyale. Vigingi vya shaba chini ya mazabodi husahauliwa, bati hugusa saketi, mashine haiwaki. Kebo ya pini nane ya prosesa, ile ya pembe ya juu kushoto, huachwa bila kuchomekwa. Feni huzunguka lakini picha haiji. Usiilazimishe kebo ya pini nane ya kadi kwenye nafasi ya prosesa, na usichanganye kebo za pawa saplai mbili tofauti, hata zikiingia vizuri, kwani mpangilio wa volti upande wa pawa saplai hutofautiana kiwanda hadi kiwanda. RAM mbili zikae sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kebo ya skrini ichomekwe kwenye kadi, chini. Ryzen 5 5600 na 12400F hazina michoro, hivyo poti ya mazabodi itakupa giza.

Giza likiendelea, shuku BIOS, programu ya ndani ya mazabodi inayoiwasha mashine. Mazabodi za B550 zilitoka Juni 2020, prosesa za Ryzen 5000 zikafuata Novemba, kwa hiyo boksi lililokaa rafuni muda mrefu huenda haliijui 5600. Nunua yenye kitufe cha BIOS Flashback, cha kuweka BIOS mpya: faili kwenye flash iliyofomatiwa FAT32, kitufe, ungoje. Fanya hivyo kupitia UPS, maana stima ikikatika katikati mazabodi inaweza kufa.

Ikiwaka, ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio wa kasi kamili ya RAM. Bila hiyo RAM ya 3200 hukimbia 2133 au 2400 na hakuna atakayekuambia. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, basi weka 11, ukiwa umewasha fTPM na Secure Boot (kinga mbili za usalama zilizo kwenye BIOS), kwa sababu Valorant hukataa bila hizo. Linux ni bure na Steam huenda vizuri humo, ila Valorant haichezeki. Mwisho, kwenye mipangilio ya skrini badilisha Hz 60 iwe 144. Windows huwa inaanza na 60, na wapo waliolipia monita ya 144 wakacheza mwaka mzima bila kuiona.