Barua ya Mistari Sita

Leo ni siku ya tisa tangu nipokee barua ya sifa kutoka kwa mwajiri wangu wa zamani, na ndiyo siku ya kwanza ninayoweza kuiandika habari hii bila hasira kunitangulia. Barua yenyewe ipo mezani mbele yangu. Ina mistari sita, nikiuhesabu na ule wa salamu, na mhuri wake umepigwa juu ya jina langu, kiasi kwamba herufi mbili za mwisho hazisomeki. Nilifanya kazi pale kwa miaka minane. Nimejaribu kugawa, na kila mstari umebeba zaidi ya mwaka mmoja wa maisha yangu.

Naunakili mwili wa barua kama ulivyo: "Hii ni kuthibitisha kwamba mtajwa hapo juu aliajiriwa nasi mwaka 2019 kama karani wa bohari. Katika kipindi chote alichokuwa nasi alijitahidi kutekeleza majukumu yake na alitunza vizuri gari alilokabidhiwa. Hatuna tatizo naye. Tunamtakia kila la heri huko aendako."

Sijawahi kukabidhiwa gari. Hata leseni ya udereva sina.

Nilipoisoma mara ya tatu ndipo nilipoelewa kilichotokea. Mtu fulani ofisini alifungua barua ya dereva aliyeondoka kabla yangu, akabadilisha jina na cheo, kisha akaituma kwa mkurugenzi itiwe sahihi. Lugha yetu ina heri na shari yake katika jambo hili: kwa kuwa "alijitahidi" na "alitunza" havisemi kama mhusika ni mwanamume au mwanamke, barua ya mtu mmoja humvaa mwingine kama kanzu isiyo na kipimo, na mwandishi mvivu hakumbushwi na sarufi kwamba amebeba maneno ya mtu mwingine. Gari ndilo lililomwumbua. Mwaka nao una asili yake: niliajiriwa mwaka 2016 kama karani, nikapandishwa kuwa msimamizi wa bohari mwaka 2019 na kupewa mkataba mpya. Bila shaka mwandishi alichukua mwaka kutoka mkataba wa pili na cheo kutoka mkataba wa kwanza, kila kimoja kikiwa kweli mahali pake, na vyote viwili vikawa uongo vilipokutana.

Makosa hayo, hata hivyo, si yaliyoniuma zaidi. Kosa la tarehe hurekebishwa kwa kuonyesha karatasi. Kilichoniuma ni neno "alijitahidi". Anayejitahidi ni yule ambaye jambo halijamwezekana. Mwanafunzi aliyeshindwa mtihani ndiye huambiwa na mwalimu kwamba amejitahidi. Na "hatuna tatizo naye" ni sentensi inayomfanya msomaji aanze kutafuta tatizo ambalo hadi wakati huo hakuwa amelifikiria.

Usiku ule sikulala, nikasoma habari za barua za namna hii katika nchi mbalimbali, nikijua kabisa kwamba kusoma hakutabadilisha neno hata moja. Nilijifunza kwamba Wajerumani wameligeuza neno hilohilo kuwa hukumu. Kwao, kifungu cha 109 cha sheria ya shughuli za biashara kinampa mfanyakazi haki ya kupewa hati ya maandishi anapoondoka, na kinataka hati hiyo iwe wazi, isiwe na dokezo lenye maana tofauti na ile inayoonekana. Mahakama zao nazo zinataka iwe ya kweli na iandikwe kwa nia njema. Matokeo yake ni kwamba hakuna anayeandika baya waziwazi, na badala yake imekua lugha ya mafumbo ambayo waajiri wote wanaifahamu. Anayeandikiwa kwamba siku zote alifanya kazi kwa kuwaridhisha kikamilifu amepata alama nzuri. Yakiondolewa maneno "siku zote", ameshuka daraja zima. Na akiandikiwa kwamba alijitahidi, basi amefeli. Nilicheka peke yangu gizani, kicheko kisicho na furaha. Mwajiri wangu hajui Kijerumani, lakini alikuwa amenifelisha kwa ufasaha.

Siku iliyofuata dada wa idara ya rasilimali watu wa mahali nilipoomba kazi alinipigia simu. Alizungumza kwa adabu, jambo lililozidi kunitia hofu. "Tumeona tofauti kidogo kati ya wasifu wako na barua ya mwajiri," alisema. "Wewe umeandika miaka minane na usimamizi, wao wameandika miaka mitano na ukarani. Tungependa kupata maelezo kabla ya Ijumaa." Nilimwahidi maelezo, nikakata simu, nikakaa nikiitazama nakala ya barua kwenye kompyuta yangu.

Lazima nikiri lililonijia, kwa sababu shajara isiyokiri haina faida. Tarakimu 9 ni 6 iliyopinduliwa. Programu yoyote ya picha ingeweza kuipindua ile ya mwisho katika 2019 kwa dakika moja, barua ikasoma 2016, nami ningekuwa nimeandika kweli tupu. Niliwaza hivyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukubali. Nilijiambia kwamba si kughushi ikiwa kinachoandikwa ndicho kilichotokea. Lakini sahihi iliyo chini ya barua si yangu, na aliyeitia alikuwa ametia sahihi 2019. Kumsemesha asichosema, hata kama alipaswa kukisema, ni kughushi. Zaidi ya hayo, niliomba kazi ya kutunza mali za watu, na huko mtu hufukuzwa kwa tarakimu moja iliyochezewa kwenye leja. Nilifunga kompyuta.

Kisha nilifanya jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama nisingekuwa na hasira: nilichukua kalamu nikayatenga malalamiko yangu mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa la mambo yanayoweza kuthibitishwa, yaani mwaka, cheo na gari. Fungu la pili lilikuwa la maoni, yaani kujitahidi na kutokuwa tatizo. Nilipoyaona yametengana, niliona pia kwamba yanahitaji sauti mbili tofauti. La kwanza naweza kulidai. La pili naweza kuliomba tu. Hata Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake namba 166 la mwaka 1982, linayatenga vivyo hivyo: anayeachishwa kazi astahili kupewa, akiomba, cheti kinachotaja tarehe za kuanza na kumaliza na aina ya kazi aliyofanya basi, na tathmini ya mwenendo na utendaji wake iwekwe iwapo mwenyewe ameiomba. Mimi nilichanganya hayo yote katika malalamiko mamoja, na rasimu yangu ya kwanza kwa mkurugenzi ilisomeka kama hati ya mashtaka.

Kwa dada wa rasilimali watu nilituma siku hiyohiyo nakala ya mikataba yote miwili, barua ya kupandishwa cheo na hati ya mshahara ya mwezi wa kwanza niliolipwa mwaka 2016, pamoja na maelezo ya sentensi tatu yasiyomlaumu mtu: kwamba barua ina makosa ya kumbukumbu, kwamba nimeomba isahihishwe, na kwamba vielelezo nilivyoambatisha vinaonyesha mpangilio sahihi. Nilishawishika kuongeza ya nne, ya kuwasema kidogo. Niliifuta. Anayemsema mwajiri wa zamani mbele ya mwajiri mtarajiwa humwonyesha huyo wa pili atakavyosemwa yeye baadaye.

Rasimu ya pili kwa mkurugenzi ilikuwa fupi na yenye heshima, na jibu lake lilikuja kwa simu. "Ndugu yangu, samahani sana," alisema, na nilimwamini. "Niliwekewa barua nyingi siku ile. Sasa fanya hivi: andika wewe mwenyewe unavyotaka, mimi nitatia sahihi."

Nilidhani nimeshinda. Niliketi jioni ile nikiwa na uhuru wote ambao mtu anaweza kupewa juu ya sifa zake, nikaandika kwamba mimi ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye kujituma, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo na kushirikiana na wenzake. Nikasoma. Ilikuwa barua ya dereva tena, ila safari hii bila gari. Kila neno lingeweza kumvaa mtu yeyote aliyewahi kuajiriwa popote, na aliyeliandika ni mimi, mtu pekee duniani ambaye hana kisingizio cha kutonijua. Nilijisikia vibaya kwa namna mpya, kwa sababu sasa hapakuwa na wa kumlaumu.

Ilinichukua siku mbili kukumbuka nilichokuwa nikifanya hasa. Hakuna anayejiwekea kumbukumbu za mambo aliyoyafanya vizuri; tunaweka za kasoro, kwa sababu kasoro ndizo huulizwa. Nilifungua madaftari yangu ya zamani. Nikakumbuka kwamba nilipoanza, mizigo mipya ilipangwa mbele ya rafu kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mlango, ile ya zamani ikabaki nyuma mpaka muda wake wa matumizi ukapita, na kila robo ya mwaka tulikuwa tukitupa maboksi mazima. Nilizihamisha rafu kutoka ukutani ili zijazwe kwa nyuma na kupakuliwa kwa mbele, kilichotangulia kuingia kikatangulia kutoka, na utupaji ule ukaisha. Jambo lenyewe lilikuwa kusogeza rafu hatua mbili. Nikakumbuka pia kwamba ni mimi niliyeanzisha utaratibu wa kuhesabu sehemu ndogo ya bohari kila wiki badala ya kufunga bohari nzima mara moja kwa mwaka, na kwamba makarani watatu niliowafundisha sasa wanasimamia bohari zao. Hayo niliyaandika. Sikuweka hata neno moja la kujisifu, na barua ilionekana ya mtu.

Sikuona raha kabisa katika kujiandikia, na bado sioni. Nchini Uingereza, mwaka 1994, Baraza la Mabwana, lililokuwa ndiyo mahakama ya juu kabisa wakati huo, liliamua kwamba mwajiri anayetoa maelezo kuhusu mfanyakazi wake wa zamani ana wajibu wa kuwa mwangalifu, na kwamba uzembe wake unaweza kumgharimu fidia. Uamuzi wa haki, naona. Lakini woga wa mashtaka umewafanya waajiri wengi, huko na kwingineko, wataje tarehe na cheo basi, wasiongeze neno. Na wengine, kama mkurugenzi wangu, humkabidhi mwombaji kalamu. Njia zote mbili zinaondoa kitu kilekile, ushahidi wa mtu aliyekuona ukifanya kazi. Kwa hiyo niliamua kuandika tu yale ambayo naye aliyashuhudia au anayoweza kuyahakikisha kwenye majalada, nikamwomba ayasome mbele yangu kabla ya kutia sahihi.

Tulionana jana. Alivaa miwani, akasoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye rafu alitabasamu. Alipofika kwenye sentensi niliyokuwa nimeitengeneza kwa uangalifu mkubwa, "Siku zote alifunga leja ya bohari kabla ya tarehe 5 ya mwezi uliofuata," kidole kilisimama.

"Siku zote?" aliuliza.

Nilinyamaza.

"Na Januari?"

Ilikuwa kweli. Kila Januari nilichelewa, kwa sababu hesabu ya kufunga mwaka ilikuwa ikinielemea, na nilikuwa nikimpelekea leja tarehe 9 au 10, nikiiacha mezani kwake asubuhi kabla hajafika ili tusionane. Kwa miaka minane nilidhani hakuwahi kulitambua hilo. Alichukua kalamu, akayakata maneno "siku zote" kwa mstari mmoja ulionyooka, na mwishoni mwa sentensi akaongeza kwa mwandiko wake: "isipokuwa mwezi wa Januari, ambapo kazi ya kufunga mwaka aliifanya peke yake bila msaidizi, na uongozi ulipaswa kumpatia mmoja."

Alimwita karani aichape upya. Tulipokuwa tukisubiri hatukuzungumza mengi. Aliniuliza habari za nyumbani, nikamjibu. Barua iliporudi aliisoma tena yote, akasimamisha kidole kwenye 2016, akaniangalia, nikaitikia kwa kichwa. Akatia sahihi. Mhuri aliupiga mwenyewe, pembeni, mbali na jina langu, na nimeituma asubuhi ya leo ikiwa na Januari yake.