Rula ilivyonidanganya kuhusu safari ya Tromsø na Longyearbyen

Sebuleni kwangu, hapa Mwanga mjini Kigoma, imetundikwa ramani ya dunia yenye upana wa sentimita 90 hivi, na juzi jioni nilichukua rula nikapima juu yake safari mbili za ndege. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam nilipata sentimita mbili na nusu kasoro kidogo. Kutoka Tromsø, kaskazini mwa Norwei, hadi Longyearbyen katika visiwa vya Svalbard, nilipata karibu sentimita nane. Kwa kipimo hicho mtu angeapa kwamba safari ya huko kwenye barafu inaizidi yetu zaidi ya mara tatu.

Kumbe yetu ndiyo ndefu. Viwanja hivyo viwili vya kaskazini vimetenganishwa na kilomita 960 hivi za anga, ilhali sisi wa mwisho wa reli tuko kilomita 1,080 hivi kutoka Dar es Salaam, na hapo sijahesabu treni, ambayo kwa kufuata reli hupita kilomita 1,200. Rula yangu haina kosa. Ramani ya namna hii hufuata kanuni ya mchora ramani Gerardus Mercator ya mwaka 1569, ambayo huichora mistari ya longitudo ikiwa sambamba, kana kwamba haikutani kwenye ncha za dunia. Digrii moja ya longitudo hapa Kigoma ni karibu kilomita 111, lakini kwenye latitudo ya 74 kaskazini, katikati ya safari ile, imebaki kilomita 31 tu. Ramani huitanua hadi ilingane na ya ikweta, kisha huurefusha na upande wa kaskazini na kusini kwa kiasi kilekile ili maumbo ya nchi yasipotoke.

Muda nao una hesabu yake. Jeti inayokwenda kilomita 800 kwa saa ingeimaliza safari ya Tromsø hadi Longyearbyen kwa saa 1 na dakika 12, lakini ratiba huweka kama saa 1 na dakika 40, kwa kuwa saa ya ratiba huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho, ikajumuisha kuzunguka uwanjani, kupaa polepole na kushuka. Ndege ya pangaboi, tuliyoizoea zaidi huku kwetu, huwa na mwendo mdogo kuliko huo, na ikitua kwanza Tabora kushusha na kupakia, kugawanya kilomita kwa mwendo hakukusaidii tena.

Wenzetu nao wana Tabora yao. Abiria anayetoka Oslo kwa ndege inayopitia Tromsø hulazimika kushuka hapo na kuonyesha pasipoti, kwa sababu Svalbard, ijapokuwa iko chini ya Norwei, haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kwenye mipaka baina yao. Baada ya ukaguzi hurudi ndani kuendelea na safari, na dakika za foleni ile hakuna rula iwezayo kuzipima.