Msizifunike gubigubi: baiskeli za umeme, mvua na njia ya Lushoto

Mama yangu anaishi Lushoto, juu kidogo ya mji ukishika njia ya Magamba. Ana miaka 66 na magoti yanamsumbua. Kutoka kwake hadi sokoni ni mteremko, kwa hiyo kurudi na kikapu ni mlima mtupu. Miaka mitatu iliyopita mimi na kaka yangu tulichanga tukamnunulia baiskeli ya umeme. Mwenyewe ninayo ya kwangu hapa Kimara, ndiyo inayonipeleka Kariakoo kuchukua vitambaa, maana kazi yangu ni cherehani. Kule kwa mama hatujapata fundi wa kufungua mota ya baiskeli, basi kila mwaka yake inashuka Dar kutengenezwa, kisha tunaipandisha. Na ya kwangu huwa naibeba pia, nipate siku mbili tatu za kuendesha naye.

Tunazibeba nyuma ya gari. Ni RAV4 ya zamani yenye ndoano ya kuvutia tela, na juu ya ndoano tumefunga keria ya baiskeli mbili. Kila baiskeli ina kilo 23 ikiwa na betri yake, kwa hiyo kuzipandisha juu ya paa hatukutaka kabisa. Keria nyingi za paa hazikutengenezwa kwa uzito huo, na mgongo wangu pia haukutengenezwa hivyo. Ndani ya gari kuna watoto wawili, magunia na cherehani ndogo ambayo mama huniagiza nije nayo kila safari.

Safari ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya Aprili mwaka jana, masika yamekolea. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Kaka alitazama mbingu akasema, "Dada, leo tuzifunike zote, zisipate hata tone." Nilikubaliana naye. Tukachukua turubai la buluu, lile la kuanikia mahindi, tukazizungushia baiskeli zote mbili kuanzia hendeli hadi matairi, tukafunga kwa kamba ya manila na vipande vya mpira wa tairi. Betri tuliziacha zimo. Kwa macho yetu kazi ilikuwa nzuri.

Hadi Chalinze kulikuwa shwari. Tulipokata kulia kuelekea Segera mvua ikaanguka kweli kweli, na turubai likaanza kupiga kama tanga la jahazi. Baada ya kuvuka Mto Wami nikasimama. Pembe moja ilikuwa imechanika. Juu ya hendeli turubai lilikuwa limebonyea na kushika maji kama beseni, na beseni lenyewe lilikuwa limekaa palepale penye skrini ya baiskeli ya mama. Vile vitundu vya chuma vya pembeni vilikuwa vimeikwaruza fremu hadi chuma kikaonekana. Tukafunga upya, tukaendelea. Korogwe trafiki alitusimamisha akanionyesha kwamba turubai limeziba taa moja ya nyuma na nusu ya namba ya gari. Alikuwa na haki. Katika mvua ile, aliyekuwa nyuma yetu hakuiona breki yangu.

Tulipofika na kufungua turubai, mvuke ulitoka kama umefunua sufuria la wali. Jua lilikuwa limetuwakia kuanzia Mombo, tena tukapanda zile kilomita 33 za kona hadi Lushoto kwenye ubaridi, na humo ndani kila kitu kilikuwa kinatoa jasho. Mama akabonyeza kitufe. Taa ikawaka, ikazima. Ndani ya kioo cha skrini kulikuwa na ukungu. Asubuhi haikuwaka kabisa.

"Si kitu, mwanangu," mama aliniambia. "Nimetembea njia hii maisha yangu yote." Alisema ili nisiumie, na ndivyo nilivyoumia zaidi. Alirudi kutembea kwa miguu hadi Juni, tulipoishusha baiskeli. Fundi wa Dar alipochomoa plagi ya skrini, pini zake zilikuwa na kutu ya kijani. Mahali betri inapokaa, zile shaba za kupitishia umeme zilikuwa nyeusi. Tulibadilisha skrini na waya wake wote.

Nilimwuliza yule fundi swali lililokuwa likinikera: mbona mimi huendesha ya kwangu kwenye mvua ya Kimara bila tatizo? Akanionyesha kibandiko cha betri. Kimeandikwa IPX4, alama ya kiwango cha kukinga maji. Hiyo 4 maana yake kifaa kimepimwa kwa maji ya kurushiwarushiwa kutoka kila upande. Maji ya kusukumwa kwa nguvu yanaanzia namba 5, na kipimo chake ni bomba la tundu la milimita 6.3 linalotoa lita 12.5 kwa dakika. Sasa fikiria gari liko kilomita 80 kwa saa. Linakata mita 22 kila sekunde. Tone kubwa la mvua likianguka lenyewe lina mwendo wa kama mita 9 kwa sekunde. Kwa baiskeli iliyo juu ya paa, tone hilo haliji tena kutoka juu, linakuja kutoka mbele kama limerushwa. Kwa iliyo nyuma, gari linaikinga na mvua ya mbele, lakini matairi yanachota maji ya barabarani pamoja na mchanga, na upepo unaozunguka nyuma ya gari unayapandisha yote kutokea chini. Baiskeli imeundwa ikitegemea mvua ya juu. Plagi zake nyingi zimeelekezwa chini zisiingie maji, na chini ndiko maji ya gari yanakotokea.

Akaniongezea jambo moja ambalo sikuwahi kulifikiria. Mota na skrini vina hewa ndani. Vikipata joto hewa ile inatanuka, na mvua baridi ikivipiga ghafla inasinyaa na kuvuta chochote kilicho karibu na mlango. Kama mlangoni kuna maji, inavuta maji. Kwa hiyo turubai letu lilifanya mabaya mawili: lilipika vitu, kisha likavihifadhia maji jirani.

Tangu siku hiyo msimamo wangu ni huu, na nausema kwa kila mwenye baiskeli ya umeme ninayekutana naye: fremu iache ilowe. Tairi, pedeli na cheni viache vilowe. Vya kulindwa ni vichache, na vinalindwa kimoja kimoja, vikibanwa sawasawa.

Betri kwanza. Inatoka na inasafiri ndani ya gari pamoja na watu. Ya mama ina kilo tatu hivi, kwa hiyo hata keria inapumua. Naizungushia taulo, naiweka sakafuni nyuma ya kiti cha abiria, mahali isipobingirika wala kuchomwa na jua. Siiachi ndani ya gari lililofungwa madirisha tukisimama kula. Gari la Tanzania mchana ni tanuri, na betri za lithiamu haziupendi ule moto. Skrini nayo, kama inachomoka, inatoka. Ya kwangu inachomoka. Ya mama haichomoki, na hapo ndipo cherehani ilipoingia.

Nilipita mitumba ya Karume nikapata suti ya wapiga mbizi, ile ya mpira laini mweusi, mguu mmoja umechanika, shilingi elfu 15. Kitambaa kile kina unene na kinavutika, kinakumbatia kitu bila kupigapiga kwenye upepo. Nikakata vipande vitatu. Cha skrini ni sentimita 22 kwa 16, kinapita juu ya hendeli na kufungwa kwa velkro, ule utepe wa kunasana, upande wa chini. Cha mahali pa betri ni kirefu, sentimita 45, kinazunguka fremu yote. Cha tatu ni kidogo, cha tundu la kuchajia.

Wenzangu wa cherehani mtanielewa hapa: kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Jaribio langu la kwanza nilishona mishono miwili sambamba kwa uzuri wote, nikakifunga kifuniko kwenye chupa yenye karatasi kavu, nikamwagia maji ya ndoo. Karatasi ililowa mstari mzima wa mshono. Nikaenda kwa fundi viatu jirani, nikamwomba ile gundi ya njano. Sasa nagundisha kwanza, naacha ikauke, nashona mshono mmoja mpana, kisha napaka gundi nyembamba juu ya uzi upande wa ndani. Karatasi ilitoka kavu. Tena mshono wote nauelekeza chini, na kwenye ncha ya chini kabisa naacha uwazi wa upana wa kidole. Maji yatakayoingia, maana kuna siku yataingia, yawe na pa kutokea.

Plagi ya mota ni hadithi nyingine. Mota zetu ziko kwenye gurudumu la nyuma na waya unatokea kwenye ekseli. Waya ule nauacha ulegee, ushuke kwanza chini kabla ya kupanda kuingia kwenye plagi, ili maji yanayoufuata yadondokee pale kwenye kipinda. Plagi yenyewe naizungushia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nimeukata wembamba na kuuvuta kwa nguvu, kila mzunguko ukikalia nusu ya mzunguko uliotangulia. Naanzia chini kwenda juu, kama mabati ya nyumba, bati la juu lilalie la chini. Huu mpira ni ule ule ambao vijana wa mkaa hufungia magunia, na sijaona kitu cha dukani kinachouzidi.

Safari iliyofuata ilikuwa Novemba, wakati wa vuli. Mvua ilitukuta Korogwe na haikutuacha hadi Soni. Nilisimama Chalinze kukaza mikanda, maana baada ya kama kilomita 100 za mwanzo mikanda yote hulegea, na nilisimama tena Mombo kutazama vifuniko. Hakuna kilichopiga, hakuna kilichokwaruza, taa na namba zilionekana zote.

Kufika pia kuna kazi yake. Vifuniko vinatoka papo hapo, hata kabla ya chai. Nafuta mahali pa betri kwa kitambaa cha pamba, natazama kila shaba kwa tochi ya simu, naacha vifuniko vya mpira vya matundu wazi kwa saa mbili chini ya kibaraza. Udongo mwekundu wa Usambara nausuuza kwa kopo na brashi laini. Ile mashine ya kuoshea magari naikataza isisogee, maana ndiyo maji ya kusukumwa tuliyokuwa tukiyakimbia barabara nzima. Cheni inapata oili ikishakauka, tone moja kila pingili, mkono mmoja ukikinga diski ya breki kwa kitambaa. Betri inarudi mwisho wa yote, na chaja haiguswi hadi niwe nimepapasa kila mahali na kukuta pakavu.

Mama alibonyeza kitufe akiwa bado na khanga ya jikoni. Ikawaka. Akaipanda hapo hapo hadi kwa jirani kurudisha ungo, na mvua ilikuwa ingali inanyunyiza.

Kilichobaki kunisumbua ni velkro. Mchanga wa barabarani umejaa kwenye vile vinyweleo na kifuniko cha skrini hakishiki kama mwanzo. Nimenunua vifungo vya chuma vya kubana, dazeni moja, na kila kimoja kinataka kutobolewa tundu jipya, kwa hiyo nimeviweka kwenye kipande cha pembeni kisichofunika kitu. Tukipanda tena mwezi wa tano nitajua kama vinashika.