Nilivyoweka damu na akili ya dada yangu kwenye daftari moja kabla ya upasuaji wa ubongo

Dada yangu amefundisha hesabu zaidi ya miaka ishirini. Kwa hiyo muuguzi alipomwambia, "Anza na mia moja, toa saba, halafu endelea kutoa saba," nilijua hapo hatakwama. Akasema tisini na tatu. Akanyamaza. Akatazama dirishani kwa muda, kisha akanigeukia: "Mdogo wangu, kasema nitoe ngapi?" Nikafungua mdomo nimjibu, muuguzi akaninyooshea kiganja ninyamaze.

Zilikuwa zimepita wiki tatu tangu aanguke degedege na picha ya MRI ikaonyesha uvimbe uitwao meninjioma, wa karibu sentimita 5, mbele ya ubongo upande wa kulia, na ubongo unaoizunguka umevimba kwa maji. Meninjioma huota kwenye utando unaofunika ubongo, na nyingi si saratani. Lakini ndani ya fuvu hakuna nafasi ya ziada, kwa hiyo chochote kinachokua humo kinakandamiza jirani yake.

Kipimo alichokuwa akifanyiwa, cha kufikiri na kukumbuka, kinaitwa MoCA. Kina alama 30, na kwa kawaida 26 kwenda juu huhesabiwa kuwa sawa. Dada alipata 17. Kilichoniumiza zaidi ya alama ni ile saa. Aliambiwa achore uso wa saa, mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Sote tuliokulia katika Kiswahili, ukisema saa tano mkono wenyewe unapeleka mshale mfupi kwenye 11 bila kuwaza. Dada alichora duara zuri, namba zote 12 mahali pake, kisha akapeleka mshale mmoja kwenye 5 na mwingine kwenye 10. Mwanasaikolojia alinieleza baadaye kwamba sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayotuzuia tusikimbilie jibu la kwanza linalojitokeza. Ikilemewa, mtu anasikia tano na kumi, anakwenda kwenye tano na kumi.

Jioni ile ukoo mzima ulikubaliana kwamba uvimbe umeshamaliza akili yake na kilichobaki ni kuharakisha upasuaji. Nami niliamini hivyo hivyo.

Usiku nilifungua daftari. Nilikuwa nalo kwa sababu dada mwenyewe, siku ya kwanza, aliniagiza niandike kila anachoambiwa. Nilipopitia kurasa nikaona kitu. Wiki ya kwanza baada ya kuanzishiwa karbamazepini ya kuzuia degedege, nimeandika: "Kanigombeza, nimekosea tarehe ya kurudi kliniki." Wiki ya pili: "Kichefuchefu. Analala mchana." Wiki ya tatu: "Kaniuliza mara nne leo ni siku gani." Daktari alikuwa ametuambia uvimbe wa aina hii unaweza kukaa miaka bila mtu kujua. Sasa miaka yote hiyo anasahihisha kazi za wanafunzi bila tatizo, halafu ndani ya siku kumi hajui siku?

Asubuhi nilimsubiri daktari wa wodi mlangoni, nikamwomba asome kurasa tatu tu. Alisoma akiwa amesimama, akaomba faili. Majibu ya damu yalikuwemo tangu jana yake. Sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu: 123. Kawaida ni kati ya 135 na 145.

Karatasi ya damu ilikuwa imekaa mfuko mmoja na karatasi ya MoCA usiku kucha, na hakuna aliyezisoma kwa pamoja. Ilinichoma, na bado inanichoma.

Karbamazepini, kwa baadhi ya watu, huufanya mwili ubane maji. Maji yakizidi, sodiamu ya kwenye damu inapungua nguvu, na maji yanaingia ndani ya chembe za ubongo na kuzivimbisha. Hata kwa mtu asiye na uvimbe ni kichefuchefu, usingizi, kuchanganyikiwa, hata degedege. Kwa ubongo ambao tayari umebanwa na uvimbe, unaweza kufikiria. Walipima na mkojo, ili kujua kama mwili unabana maji au unapoteza chumvi, kwa sababu matibabu yake yanapishana. Karbamazepini ikaondolewa, akapewa levetirasetamu, dawa nyingine ya degedege, maji ya kunywa akawa anapimiwa kiasi, na sodiamu ikapandishwa taratibu kwa dripu.

Hapo kwenye taratibu ndipo nilipopata shida. Nilitaka ipande siku hiyo hiyo. Daktari akaniketisha, akanieleza kwamba sodiamu iliyoshuka kwa siku nyingi ikipandishwa haraka inaweza kuharibu mishipa ya fahamu kwenye shina la ubongo, na madhara hayo huenda yasirudi. Walilenga isipande zaidi ya alama 8 kwa saa 24. Ukiwa na mgonjwa wako katika hali hiyo, usiwasukume.

Kuanzia siku hiyo nililipanga daftari upya. Ukurasa wa kushoto ukawa wa damu: sodiamu, sukari, himoglobini, chembe nyeupe, CRP (kipimo kinachopanda kukiwa na maambukizi), na chini yake kila dawa na saa iliyotolewa. Ukurasa wa kulia ukawa wa akili. Kila siku saa nne asubuhi, kabla ya wageni: leo ni siku gani, maneno matatu ayarudie baada ya dakika tano, hesabu ya kupunguza, anisimulie jana ilikuwaje. Mwishoni niliandika jambo moja alilolifanya bila kuambiwa na mtu. Hilo la mwisho sikufundishwa, lakini ndilo lililonionyesha mengi. Siku sodiamu ilipofika 129, alikunja shuka lake mwenyewe.

Mwanasaikolojia alinionya nisitumie maswali ya MoCA nyumbani wala wodini. Mgonjwa akiyazoea, alama inapanda kwa mazoea na kipimo kinaharibika. Ndiyo maana kuna matoleo tofauti ya kipimo hicho hicho. Maneno yangu matatu nilikuwa nayabadilisha kila siku.

Damu nayo ilinitisha kwa upande mwingine. Alipolazwa alianzishiwa deksamethasoni ili kupunguza ule uvimbe wa maji. Siku ya tatu chembe nyeupe zikafika 16,000 na sukari ikagonga 14, ilhali hajawahi kuwa na kisukari. Nikawaza maambukizi, nikawaza upasuaji utaahirishwa. CRP ilikuwa chini, homa hana. Kumbe deksamethasoni huzing'oa neutrofili, aina moja ya chembe nyeupe, zilizonata kwenye kuta za mishipa ya damu na kuziingiza kwenye mzunguko, na wakati huo huo hupunguza limfosaiti, aina nyingine. Hesabu inapanda bila kidudu chochote. Sukari pia ilikuwa kazi yake, wakampa insulini. Na usingizi: alikuwa macho hadi alfajiri, kisha saa nne anasahau maneno yote matatu. Dozi ya jioni iliposogezwa mchana alianza kulala, na maneno yakarudi mawili, kisha matatu.

Wakati huo alikuja mtafiti, mpole sana, kuomba chupa moja ya ziada ya damu. Alikuwa anatafuta uhusiano kati ya viashiria vya kwenye damu na uwezo wa kufikiri wa wagonjwa wa uvimbe wa ubongo kabla ya kupasuliwa. Alitaja uwiano wa neutrofili kwa limfosaiti, intalukini-6 (kiashiria cha mwako mwilini), na protini za kwenye neva na ubongo kama GFAP, S100B na nyurofilamenti nyepesi. Hiyo ya mwisho hutoka kwenye nyuzi za neva zinapoumia, na kiasi chake hupanda pia kwa umri na kwa magonjwa mengine mengi, kwa hiyo peke yake haiwezi kukuambia uvimbe upo au akili imefikia wapi. Nilimwonyesha tarehe ya kuanza deksamethasoni. Akainukuu mara moja, kwa sababu ule uwiano alioufuata dawa hiyo inaupindisha. Naunga mkono utafiti wa aina hiyo kwa moyo wote. Ila kwa mgonjwa wako wa leo, kabla hujahangaika na vipimo vya nadra, ulizia sodiamu, sukari, himoglobini, tezi ya shingo na vitamini B12. Hivyo vinarekebishika.

Siku ya tisa sodiamu ilikuwa 136. Walirudia MoCA kwa toleo jingine: 24. Siwezi kusema alama zote saba ni za sodiamu; deksamethasoni nayo ilikuwa imeshapunguza maji, na alikuwa analala. Lakini hiyo 24 ndiyo iliyoandikwa kuwa hali yake ya kabla ya upasuaji. Ile 17 ingebaki, baada ya upasuaji wangemlinganisha na mtu ambaye si yeye.

Na kulikuwa na fomu ya kukubali upasuaji. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimeshaambiwa nijiandae kumtilia sahihi. Sasa daktari wa upasuaji alivuta kiti, akamweleza dada hatari zote moja moja, kisha akamwomba amrudishie kwa maneno yake. Dada akarudia. Akauliza swali ambalo mimi sikulifikiria: kama wakishindwa kuutoa wote kwa sababu umeshikana na mshipa mkubwa wa damu, wataacha kiasi gani? Walizungumza karibu nusu saa. Akatia sahihi mwenyewe, akaikagua tarehe.

Usiku wa pili baada ya upasuaji alianza kusema maneno yasiyoeleweka. Muuguzi wa zamu, ambaye hakuwa amemwona kabla, aliniuliza kama ndivyo alivyo siku zote. Nikampa daftari. Akafungua ukurasa wa mwisho wa kabla ya upasuaji, akausoma pande zote mbili, kisha akaenda kuchukua sindano ya kutolea damu.